Plazma ya damu yangu mwenyewe kwa kano ya kisigino: je, inafaa kulipia?

Mkimbiaji wa Moshi
Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Nina umri wa miaka 43 na hukimbia nusu marathoni. Kwa miezi minane sasa kano ya kisigino cha kulia, ile inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino, imevimba katikati na hukaza asubuhi kiasi kwamba nikitoka kitandani huwa nachechemea hadi mlangoni. Kliniki moja ya binafsi imenishauri nichomwe plazma, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi (zile zinazogandisha damu), itakayotengenezwa kutokana na damu yangu, kwa gharama inayozidi mshahara wangu wa mwezi. Naomba wenye ujuzi wanieleze inavyofanya kazi, na kama imethibitika kwa kano hii.

Fundi Maabara
Damu huvutwa mkononi, mara nyingi mililita 30 hadi 60, ikachanganywa na dawa ya kuizuia isigande, kisha ikazungushwa kwa kasi katika mashine hadi chembe nyekundu, ambazo ni nzito, zishuke chini na plazma ibaki juu. Mtu mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu, na lengo ni kuziongeza mara kadhaa. Chembe hizi, mbali na kugandisha damu, hubeba protini zinazoita seli za kukarabati jeraha; na kwa kuwa kano hupata damu kidogo na hupona polepole, wazo la kuipelekea protini hizo moja kwa moja lina mantiki. Tatizo ni kwamba jina ni moja lakini kilichomo ndani ya bomba la sindano hutofautiana: mashine nyingine huacha chembe nyeupe nyingi, nyingine huziondoa. Waulize kama huhesabu chembe sahani kabla ya kuchoma.

Mtaalamu wa Fiziotherapia
Mantiki ipo, lakini majaribio hayakuiunga mkono. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 54 wenye tatizo kama lako, nusu wakachomwa plazma hiyo na nusu maji ya chumvi, huku wote wakifanya mazoezi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na baada ya wiki 24 hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Mwaka 2021 jaribio la Uingereza lenye watu 240 liliilinganisha na sindano ya kuigiza iliyoishia chini ya ngozi, na miezi sita baadaye matokeo yalikuwa yale yale. Hata kwa kano iliyokatika, jaribio la huko huko la mwaka 2019 lenye watu 230 halikuona faida. Je, umekwisha kufanya mazoezi ya kushusha kisigino kwa wiki 12 kamili?

Seremala wa Tanga
Mimi nilichomwa kwenye kiwiko kilichonitesa kwa sababu ya randa na nyundo, nikapona baada ya miezi mitano. Msimkatishe tamaa mwenzetu.

Mtaalamu wa Fiziotherapia
Nafurahi kwamba umepona, ndugu Seremala. Kwa kiwiko, jaribio la Uholanzi la mwaka 2010 lilionyesha kuwa plazma iliishinda kotizoni, dawa ya sindano ya kupunguza uvimbe na maumivu, baada ya mwaka mmoja, ila kotizoni yenyewe hutuliza haraka kisha maumivu hurudi, kwa hiyo kuishinda si jambo kubwa. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yaliyokusanya tafiti 32, yalihitimisha kwamba huenda haina faida hata hapo. Kiwiko hupona chenyewe kwa watu wengi, na miezi mitano ni muda wa kutosha.

Mkimbiaji wa Moshi
Nashukuru sana. Nakiri kwamba mazoezi niliyafanya wiki tatu tu, nikaacha kwa sababu yaliuma.

Mtaalamu wa Fiziotherapia
Hapo ndipo wengi huachia. Utaratibu uliochapishwa Uswidi mwaka 1998 huruhusu maumivu, ilimradi yasikulemaze. Simama kwenye ukingo wa ngazi, jiinue kwa mguu usiouma, kisha jishushe taratibu kwa ule unaouma: mara 15 kwa raundi tatu goti likiwa limenyooka, halafu raundi nyingine tatu limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Kliniki haitahama, waambie utarudi baada ya wiki 12 ukiona bado unawahitaji.