Mwaka wa tatu hawaingii darasani, akili yote iko kwenye ajira. Nifanyeje?

Ticha_Leja:
Wakuu habari za majukumu. Nafundisha uhasibu na kodi chuo kimoja cha biashara hapa Dar. Kipindi cha saa mbili asubuhi nakuta viti vitupu, wengine wako Kariakoo wanauza, wengine wanashinda Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi serikalini), na ikitoka listi ya usaili Dodoma ndo kabisa. Siku ya testi wote hao! Karatasi ya mahudhurio mmoja anawasainia wenzake. Nikiuliza naambiwa "ticha, sisi tunatafuta kazi". Siwezi kuwalaumu maana waliomaliza nawaona wanavyohangaika mtaani, ila inaniuma kwa sababu haya haya ninayofundisha ndo wanaenda kuulizwa huko. Naombeni ushauri.

Fundi_Mizania:
Kaza mkuu. Asiyefikisha asilimia 75 asikae UE (mtihani wa mwisho wa muhula), utaona watakavyojaa.

Dada_Risiti:
Watajaa wakiwa kwenye simu. Ticha, mi nimepita usaili wa serikalini, ule wa mchujo wa kuandika watu wanapita kwa kukariri pasti pepa, kazi iko kwenye vitendo. Unapewa stetimenti ya benki na daftari la fedha, salio hazilingani, unaambiwa tafuta kwa nini. Hapo ndo utamjua aliyewahi kuifanya kwa mkono wake, cheki ambayo haijafika benki, makato ya benki ambayo hayajaandikwa kitabuni, yote unayatafuta huku saa inakwenda. Wafanyishe hivyo hivyo darasani kwa muda ule ule.

Mbagala_Mwaka3:
Shikamoo ticha, mi ni mwanafunzi wa chuo kingine. Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) sina, kwa hiyo siku nikija darasani ndo siku sijauza, natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri nafika nasomewa slaidi ambazo CR (kiongozi wa darasa) alishazituma kwenye grupu tangu jana!! Hatukosi kwa uvivu. Ila kuna mwalimu wetu mmoja anakuja na rundo la risiti, za mauzo na za manunuzi, unachambua, ya manunuzi ambayo sio ya EFD (mashine ya risiti za kodi) unaitupa pembeni maana VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yake huwezi kuidai, unachukua VAT ya mauzo unatoa ya manunuzi halafu unajaza ritani ya VAT kama vile kesho ni tarehe 20, siku ya mwisho ya kuiwasilisha. Kwake usipowahi unakaa dirishani.

Ticha_Leja:
Marahaba mwanangu, umenigusa. Sasa darasa la watu wengi hivi nasahihishaje risiti za kila mtu?

Dada_Risiti:
Makundi ya watu watano, jibu moja kwa kundi, halafu unamchagua yeyote aje aeleze ubaoni na alama za CA (za kazi za darasani) zinaingia palepale. Karatasi ya kusaini achana nayo. Na hao wa Kariakoo watumie ticha, wanajua bei na madeni ya wateja kuliko kitabu, waje watengeneze hesabu za duka. Wanaowaza CPA (cheti cha mhasibu kamili) wakumbushe mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba, wajipange mapema.

Fundi_Mizania:
Hapo kwenye kueleza ubaoni nimekubali, hata aliyesinzia ataamka.

Ticha_Leja:
Asanteni sana wakuu. Alhamisi slaidi natupia kwenye grupu mapema, darasani naingia na stetimenti ya benki na saa ya ukutani. Mwenye stetimenti za zamani za biashara ndogo afute majina na namba za akaunti anitumie PM tafadhali.