Rooivalk ya Afrika Kusini: iboreshwe, au ipelekwe makumbusho?

Mzee wa Rada (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Tangu Goma, kule mashariki mwa Kongo, ianguke Januari 2025 kuna jambo linanikereketa. Wanajeshi 14 wa Afrika Kusini walikufa kule, na karibu kila aliyeandika habari zao aliuliza swali lilelile: helikopta zao za kushambulia zilikuwa wapi? Nchi hiyo ndiyo pekee barani iliyobuni na kuunda ya kwake yenyewe. Inaitwa Rooivalk, kozi mwekundu kwa Kiafrikaans. Mwaka 2013 ilikuwepo Kongo, waasi wa M23 wakaijua. Mwaka 2025 haikuonekana.

Sitazunguka mbuyu. Msimamo wangu ni kwamba zilizobaki ziboreshwe. Lakini kwanza historia kidogo, maana humu kuna vijana wanaodhani helikopta ya vita ni Apache ya Marekani tu.

Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa uliipiga Afrika Kusini ya makaburu marufuku ya silaha, ya lazima si ya hiari. Jeshi lake lilikuwa linapigana Angola, na upande wa pili kulikuwa na zana za Kirusi, zikiwemo helikopta za Mi-25. Kununua ya Marekani haiwezekani, ya Ulaya haiwezekani. Mwaka 1984 kampuni ya Atlas ikaanza kazi. Walichukua helikopta ya Alouette III ya Kifaransa, wakaichonga upya, wakaweka viti viwili, mmoja mbele na mwingine nyuma yake juu kidogo, wakafunga mzinga wa milimita 20 chini ya pua. Ikaruka Februari 1985. Halafu wakachukua helikopta za Puma nazo wakazigeuza za majaribio. Rooivalk yenyewe ikapaa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1990.

Isomeni tena hiyo tarehe. Ni siku ileile Mandela alitoka gerezani. Yaani chombo kinapaa, vita kilichoundiwa vimeshakwisha, na serikali iliyokiagiza inaanza kufungasha. Jeshi la anga lilikuwa limeanza kukata fedha. Kampuni ikaendelea kwa kujikongoja, na ilipofika 1996 serikali ya Mandela ikaagiza 12.

Kumi na mbili! Hapo ndipo mkosi ulipo. Uingereza waliitazama, wakachukua Apache mwaka 1995. Australia mwaka 2001 wakachukua Tiger ya Ulaya. Uturuki mwaka 2007 wakachagua Mangusta ya Italia. Baada ya hapo mkuu wa Denel, kampuni iliyorithi Atlas, akasema basi, hatuiendelezi tena. Ilibidi waziri wa ulinzi wa wakati huo, Mosiuoa Lekota, aende bungeni na karibu randi bilioni moja ili zilizopo zimaliziwe na zipate ithibati ya kupigana. Moja ilikuwa imeshaanguka mwaka 2005, hakufa mtu. Zikabaki 11. Ya mwisho kukabidhiwa baada ya matengenezo hayo ilitoka karakana Machi 2013.

Miezi minane baadaye, tarehe 4 Novemba 2013, Rooivalk zikafyatua roketi zao za kwanza za vita, kwenye ngome za M23 huko Chanzu, milimani mashariki mwa Kongo. Kesho yake M23 wakatangaza kuweka silaha chini. Na brigedi ya Umoja wa Mataifa waliyokuwa wanaisaidia, ya Watanzania, Wamalawi na Waafrika Kusini, iliongozwa na nani? Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Sisi tuliokua tukisikia habari za wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokaa kwetu Kongwa na Mazimbu tunaelewa utamu wa jambo hili. Chombo kilichoundwa ili kuwapiga marafiki zetu kikaja kuwafunika vijana wetu.

Sasa kuboresha ni nini? Nasema kwa uchache: jicho jipya la puani la kuona usiku na mbali, vitambuzi vya kuonya kombora linapokuja, redio ya kupokea picha kutoka kwenye droni, na kombora la Mokopa lifungwe kweli. Hilo Mokopa walilitengeneza wenyewe, linafika kilomita 10, lakini kikosini Rooivalk imeruka miaka yote na mzinga na roketi za kawaida tu. Ni kumpa mtu bunduki nzuri ukabaki na risasi mfukoni mwako.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Tegeta

Mzee wangu shikamoo, lakini hapana.

Umeruka miaka kumi ya mwisho. Urusi waliingia Ukraine na helikopta za Ka-52, chombo kipya kuliko hicho, na wamezipoteza kwa makumi. Nyingine zilitunguliwa na askari aliyejificha kwenye kichaka na kombora la begani. Marekani Februari 2024 walifuta mradi wao wa helikopta mpya ya upelelezi na mashambulizi, baada ya kutumia mabilioni ya dola, wakasema droni zinatosha kazi hiyo. Japani mwishoni mwa 2022 waliamua kuachana na Cobra na Apache zao, waingize droni. Watu wenye pesa wanatoka kwenye biashara hii, wewe unataka wenye njaa waingie?

Rubani anafunzwa miaka mingapi? Droni ikianguka unaandika barua, helikopta ikianguka unaandika rambirambi.

Mzee wa Rada

Marahaba. Haya, na Poland? Agosti 2024 wamesaini Apache 96, nao wanaiona Ukraine kwa dirishani, si kwa YouTube kama wewe. Na Ka-52 hizohizo unazozicheka, majira ya joto ya 2023 zilikaa mbali nyuma ya mstari na kuvichoma vifaru vya Ukraine kule Zaporizhzhia. Walichojifunza Warusi ni kutopita juu ya kichwa cha adui. Ndiyo maana nasema Mokopa, kilomita 10.

Halafu umri si hoja. Apache iliruka mara ya kwanza 1975, mpaka leo inatoka kiwandani ikiwa na matumbo mapya. Ile Mangusta iliyoishinda Rooivalk kwa Waturuki ilipaa 1983, ni kaka yake! Waturuki wakaifanyia kazi, wakaiita T129, wakaiuza Ufilipino, kisha Nigeria. Nigeria, mkuu. Mteja wa Kiafrika kaenda Ankara kununua kitu ambacho angeweza kukifuata Pretoria.

Fundi Spana

Niko Nairobi, nimeshika spana kwenye helikopta za kiraia pale uwanja wa ndege wa Wilson zaidi ya miaka 20. Silaha sizijui. Vyuma navijua.

Kuna mwaka tulikaa miezi mitano tukingoja giaboksi kutoka Ulaya. Helikopta imefunikwa turubai, mwenye mali anapiga simu kila asubuhi, na muuzaji anajibu kwa adabu kwamba foleni ni ndefu. Na hiyo ni aina ambayo dunia nzima inayo. Sasa fikirieni mtu mwenye 11 peke yake duniani. Nani atawasha mashine kiwandani kumtengenezea vifaa vya ndege 11? Akiwasha, bei anapanga yeye.

Ila tuwe waadilifu. Rooivalk si yatima mwili mzima. Injini zake ni Makila za Kifaransa, na mfumo wa rotori umetoka kwenye ukoo wa helikopta za Super Puma. Oryx, helikopta za uchukuzi za jeshi hilohilo, ni ukoo huohuo, kwa hiyo huko spea zinapatikana ukiwa na hela. Uyatima uko kwenye jicho la puani, kwenye mtambo wa kuzungusha mzinga, kwenye kompyuta za kurushia. Yaani vilevile ambavyo Mzee anataka vibadilishwe. Kama utavibadilisha, weka vya kununua sokoni ambavyo nchi nyingine kumi zinavitumia. Ukianza tena kubuni cha kwako cha ndege 11, umejichimbia shimo la pili ukiwa bado ndani ya la kwanza.

Na kingine. Kila kitu unachofunga kina kilo zake. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na milima ya Rutshuru inazidi hapo. Hewa ikiwa nyepesi na jua likiwa kali, rotori inashika hewa kama mkono unaoshika moshi. Ongeza makombora, ongeza vitambuzi, utapunguza mafuta. Mnakumbuka Agosti 2012, Mi-24 tatu za Uganda zikienda Somalia zikaishia kwenye Mlima Kenya? Mlima hauna huruma na helikopta, hata zile zinazoitwa vifaru vya angani.

Mama Karo

Mimi naishi Durban mwaka wa kumi na mbili sasa. Nyinyi mnajadili kozi mwekundu, sisi hapa tumekaa miaka na umeme wa zamu. Hiyo Denel mnayotaka ifanye maboresho ilifika mahali ikashindwa kulipa mishahara. Wahandisi wazuri walishaondoka, wengine wako Ghuba wanalipwa vizuri. Mwaka 2016 Denel na Airbus walitia saini makubaliano ya kuifanya Rooivalk ya kisasa, magazeti yakashangilia. Mmeiona?

Silaha haiboreshwi na karatasi. Waliobaki na ujuzi ni wachache na wanazeeka.

Kijana wa Tegeta

Mama kamaliza. Funga mjadala.

Mtoto wa Rutshuru

Hapana, usifunge. Mimi ni wa Rutshuru, sasa niko Kampala. Kwanza sisi tunaandika Tshanzu.

Ile 2013 tulisikia. Ngurumo ilianza mbali, halafu mlima ukajibu. Watu walitoka nje wakapiga makofi, kweli, sitawadanganya. Lakini Mzee unapoandika roketi leo, kesho waasi wakaweka silaha chini, unaacha mambo mengi. Mizinga ya Watanzania ilikuwa imepiga tangu Agosti. Jeshi letu la FARDC, safari hiyo, lilipigana, na Kanali Mamadou Ndala watu walimpenda kwa sababu hiyo. Na Rwanda, iliyotuhumiwa kuwasaidia M23, ilikuwa imebanwa na wafadhili. Helikopta ilikuja kumalizia.

Mnajua kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu Novemba 2012 MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa na Mi-24 za Waukraine. Ziliruka, zilifyatua, na Goma ikaanguka vilevile. Helikopta zilikuwepo. Askari wa chini ndio hawakuwepo.

Jambo la pili. Tshanzu hiyohiyo, tarehe 29 Machi 2022, Puma ya walinda amani wa Pakistani ilianguka. Watu wanane. Jeshi likasema M23 wameitungua, M23 wakasema jeshi. Februari 2023 Oryx ya Afrika Kusini ikapigwa risasi ikielekea Goma, mtu mmoja akafa ndani. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ukaripoti kombora la kutungulia ndege lililorushwa kwa droni yao, likaikosa. Yaani ule mlima wa 2013 sio mlima wa leo. Leteni Rooivalk ileile ya 2013 pale leo, mtatuletea majeneza.

Mzee wa Rada

Mtoto wa Rutshuru, asante. Hoja ya Waukraine inauma kwa sababu ni kweli, nami niliipita juu juu. Narekebisha: Rooivalk haikushinda 2013, ilisaidia jeshi la ardhini ambalo tayari lilikuwa linasonga mbele.

Lakini hapo bado siungani na Kijana. Kongo yenyewe ilinunua droni za CH-4 kutoka China, na Goma haikupona. Kama kigezo ni "ilikuwepo na mji ukaanguka", basi na droni tuzitupe. Swali linabaki kwa yule askari aliyekwama kwenye kambi ya Sake, karibu na Goma, amezingirwa, mawingu yamekaa chini: nani anaweza kumfikia, akamtambua rafiki na adui kwa macho, akapiga mita chache kutoka kwake bila kumuua yeye?

Kijana wa Tegeta

Mawingu yakikaa chini hata helikopta yako haiendi, Mzee. Muulize Fundi kuhusu Mlima Kenya.

Fundi Spana

Nimecheka, lakini ana haki.

Mzee, nikuulize kama fundi. Ukipewa hela ya kuboresha 11 zote kwa shida, au sita vizuri na tano zilizobaki ziwe ghala la spea, unachagua nini?

Mzee wa Rada

Sita.

Mama Karo

Sita kwa nchi yenye mpaka na Msumbiji, na jukumu Kongo, na mafunzo nyumbani. Toa mbili zilizo kwenye ukaguzi mkubwa, toa moja ya kufundishia. Unapeleka tatu. Mwaka 2013 mlipeleka ngapi?

Mzee wa Rada

Tatu.

Mtoto wa Rutshuru

Na hizo tatu nani anazilinda zikiwa zimetua? Uwanja wa ndege wa Goma ulitekwa na upinzani ulikuwa mdogo kuliko mlivyodhani. Anzeni hapo, halafu mje kwenye kombora la kilomita 10.