Kitasa janja kinagoma tangu masika yaanze: tatizo ni kitasa au ni mlango?

MwanaMbezi:

Ndugu wadau, salamu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo hii ni wiki ya tatu linanisumbua.

Mwezi wa Januari nilifungiwa kitasa janja katika mlango wa mbele wa nyumba yetu, Mbezi, Dar es Salaam. Ni aina ile inayofunguka kwa alama ya kidole, kwa namba ya siri, kwa kadi na kwa simu, na tundu la ufunguo wa kawaida limefichwa chini ya kifuniko kidogo. Mlango ni wa mninga, unene wake milimita 45, na hapo awali ulikuwa na kitasa cha kawaida kinachozama ndani ya ubao. Fundi alitumia karibu siku nzima, kwa sababu kasha la kitasa kipya lilikuwa refu kuliko tundu la zamani, ikambidi alipanue kwa patasi na kuchimba upya katika mwimo shimo la kupokea ulimi. Miezi miwili ya kwanza sikuwa na lalamiko lolote.

Tangu mvua zianze, hali imebadilika. Nikifunga mlango nasikia mota ikivuma, inanyamaza, inavuma tena, kisha kitasa kinatoa mlio wa kosa na mlango unabaki haujakomeka. Mke wangu amegundua kwamba akiwa ndani na akausukuma mlango kwa bega huku mota ikizunguka, ulimi unaingia bila shida. Betri nazo, ambazo kijitabu kinasema hudumu miezi kadhaa, sasa zinakwisha ndani ya wiki tatu. Safari hii nimeweka betri za kuchaji ili nipunguze gharama, lakini onyo la betri kupungua lilijitokeza siku hiyohiyo, ingawa zilikuwa zimetoka kwenye chaja.

Jambo la mwisho linahusu dada anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye huja saa nane mchana na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Nimemtengenezea namba ya siri inayofanya kazi katika saa hizo tu, lakini kila akifika inamkatalia, naye hulazimika kunipigia simu nikiwa kazini. Ningemfungulia mimi kwa simu kutoka huko, ila tangu tubadilishe ruta kitasa hakionekani mtandaoni, ingawa nikisimama karibu na mlango simu inakifungua vizuri.

Muuzaji anasema kitasa ni kizima, mlango ndio mbovu. Fundi anasema mlango ni mzima, kitasa ndicho kibovu. Nimefikiria kukirudisha katika hali ya kiwandani na kuanza upya. Je, hiyo ndiyo njia sahihi?

SeremalaKeko:

Ndugu MwanaMbezi, usikirudishe katika hali ya kiwandani. Utafuta alama za vidole za familia nzima, utashinda siku nzima ukizisajili tena, na jioni ulimi utagonga palepale unapogonga sasa.

Anza na jaribio lisilogharimu kitu. Fungua mlango, uache wazi kabisa, kisha kiamuru kitasa kifunge na kufungua mara kumi mfululizo. Ulimi ukitoka wote na kurudi bila mota kukwama, kitasa hakina kosa, na ugomvi uko kati ya ulimi na mwimo. Kwa kweli mama wa nyumbani ameshakupa jibu kwa bega lake: mota ya kitasa cha aina hii ni ndogo, imetengenezwa kusukuma ulimi ulio huru, haina nguvu ya kuvuta ubao uingie mahali pake kama mkono wako unavyofanya unapozungusha ufunguo. Kitasa chako cha zamani huenda kiligonga miaka yote, lakini mkono wako ulikuwa unakisaidia bila wewe kujua.

Sasa tafuta mahali panapogonga. Paka chaki au masizi kwenye ncha ya ulimi, funga mlango, acha mota ijaribu, kisha fungua na utazame alama imebaki wapi kwenye kile kibati cha mwimoni. Alama ikiwa kwenye ukingo wa upande wa chumbani, maana yake mlango haufiki mwisho unapofungwa, na kusukuma kwa bega ndiko kunakoufikisha; mara nyingi chanzo ni mpira wa kuzuia vumbi, rangi iliyorundikana kwenye fremu, au ubao uliopinda kidogo. Alama ikiwa kwenye ukingo wa chini, mlango umeshuka, na hapo nenda moja kwa moja kwenye bawaba ya juu. Mafundi wengi hutumia skrubu fupi katika bawaba, na mlango wa mninga ni mzito hata kabla hujauongezea kitasa cha chuma. Toa skrubu mbili za bawaba ya juu, weka za milimita 75 zinazozama vizuri ndani ya mwimo, na utaona mlango unanyanyuka mbele ya macho yako.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kina cha shimo nyuma ya kibati. Pima ulimi ukiwa umetoka wote, kisha pima shimo. Shimo likiwa fupi hata kwa milimita mbili, ulimi hufika ukutani kabla haujamaliza safari yake, kitasa kinadhani kuna kizuizi na kujaribu tena na tena. Hapo ndipo betri zako zinapoliwa, kwa sababu mota iliyokwama hula umeme mwingi kuliko mota inayozunguka.

Legeza pia, kwa nusu mzunguko tu, zile skrubu ndefu mbili zinazobana sehemu ya nje na ya ndani ya kitasa. Fundi akizikaza kwa nguvu zake zote, ubao ukivimba kidogo kasha linabanwa na ulimi unakuwa mzito. Na ukifungua sehemu ya ndani, angalia kama waya unaopita katikati ya mlango haujabanwa na chuma.

Kuhusu mbao: mninga uliokauka sawasawa hauchezi sana, ni mbao tulivu kuliko nyingi tunazotumia. Kwa hiyo mlango wa mninga ukivimba hivi, mimi hushuku ama ubao ulipasuliwa na kutengenezwa ukiwa bado mbichi, ama maji yanaingia mahali. Panda kwenye kiti, upapase ukingo wa juu wa mlango, kisha utumie kioo kidogo kuona ukingo wa chini. Ukikuta ubao mtupu usiopakwa vanishi, umepata mlango wa maji. Mteja haoni kingo hizo, basi fundi hazipaki.

Ombi moja: mtu asije na randa wakati huu. Ukiurandia mlango wakati wa masika, mwezi wa Agosti utapitisha kidole kati yake na mwimo.

FundiUmemeArusha:

Ninakubaliana na Seremala kwa yote, nami niongeze upande wa umeme.

Betri za kuchaji hazijaharibika, ila hazifai hapa. Vitasa vingi vya aina hii hutumia betri nne ndogo za alkalini, kila moja volti 1.5, jumla volti 6. Betri ya kuchaji ya kawaida hutoa volti 1.2, hivyo nne zake ni volti 4.8, nacho kitasa hupima volti hizo na kudhani betri zimekaribia kwisha. Rudisha alkalini, zote nne mpya na za aina moja, usichanganye mpya na kuukuu. Wapo wanaopendekeza betri za lithiamu kwa sababu hudumu zaidi. Kasoro yake ni kwamba volti zake hubaki juu hadi karibu na mwisho kisha hushuka ghafla, kwa hiyo onyo linaweza kuchelewa mno. Soma kwanza kijitabu kinaruhusu aina ipi.

Kuhusu mtandao, nina hakika kiasi kwamba ruta yenu mpya inarusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, chini ya jina moja. Vitasa vingi, pamoja na vile visanduku vyake vya kuviunganisha na mtandao, hutumia 2.4 peke yake. Ingia katika mipangilio ya ruta, tenganisha masafa hayo kwa majina mawili, kisha unganisha kitasa upya kwenye lile la 2.4. Ukiwa karibu na mlango simu inazungumza na kitasa moja kwa moja kwa Bluetooth, ndiyo maana hapo hupati shida. Kumbuka pia kwamba umeme ukikatika kitasa chenyewe kitaendelea na kazi kwa betri zake, lakini ruta itazimika, na kufungua kutoka mbali kutasimama mpaka umeme urudi.

Namba ya siri ya yule dada ina sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni saa ya kitasa. Baadhi ya vitasa hupoteza saa yake betri zinapotolewa, na wewe umezibadilisha mara kadhaa. Vingine hufika vikiwa na saa za China, ambazo zimetangulia zetu kwa saa tano, hivyo saa nane mchana kitasa kinadhani ni saa moja usiku na dada ameshaondoka. Simama karibu na mlango, fungua programu, hakikisha ukanda wa saa ni wa Afrika Mashariki, kisha landanisha saa ya kitasa na ya simu. Sababu ya pili naisema kwa heshima, kwa maana nimeikuta katika nyumba nyingi nilizohudumia: programu hizi hazijui saa za Kiswahili. Saa nane mchana huandikwa 14:00, na saa kumi na mbili jioni huandikwa 18:00. Hebu tazama uliandika nini.

Mwisho, kama namba kuu ya msimamizi bado ni ile iliyokuja na kitasa, ibadilishe leo. Vitasa vingi hutoka kiwandani na 123456, na kila anayeuza vitasa anaijua.

BiMkubwaNyali:

Wanangu, niwape la kwangu kutoka Mombasa, kwani sisi wa pwani tuna adui wa pili, nayo ni hewa ya chumvi. Kitasa changu kilianza kuzima chenyewe bila mpango, na kumbe vibati vinavyogusa betri vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Viliposafishwa kwa kitambaa kikavu kila kitu kilirudi. Tangu hapo nafungua kifuniko kila mwezi nikatazama.

Usiku mmoja betri zilikwisha kabisa nami niko nje, na ufunguo wa chuma uko wapi? Ndani, kwenye droo. Nilikuwa nimeuhifadhi vizuri mno. Kilichoniokoa ni betri ya mraba ya volti 9 iliyonunuliwa dukani: ukiigusisha kwenye vile vinundu viwili vya chuma vilivyo chini ya kitasa, kinapata umeme wa kutosha kusoma kidole. Vingine vina tundu la waya wa chaja ya simu mahali hapohapo. Ufunguo wangu sasa unakaa kwa jirani ninayemwamini.

Na kama una mzee nyumbani, au mtu wa kazi za mikono ambaye alama za vidole vyake zimesagika, usimtese kwa kidole, mpe kadi.

MwanaMbezi:

Ninawashukuru sana. Shikamoo Bi Mkubwa, na ufunguo wetu pia ulikuwa kwenye droo. Umehamia kwa shemeji anayekaa mtaa wa pili.

Mlango ukiwa wazi, kitasa kilifunga na kufungua mara kumi bila kukwama. Chaki ilionyesha alama mbili, moja upande wa chumbani na nyingine chini, nayo bawaba ya juu ilikuwa na skrubu mbili zinazozunguka bure. Tumeweka ndefu, mlango umenyanyuka, na ile alama ya chini haipo tena. Shimo la mwimoni lilikuwa na kina cha milimita 19 ilhali ulimi unatoka milimita 22, hivyo tumelichimba, na kibati tumekipiga tupa kidogo tu upande wa chumbani. Mota sasa inavuma mara moja na kunyamaza. Betri za alkalini zimerudi na onyo limetoweka, na baada ya kutenganisha masafa ya ruta kitasa kimeonekana mtandaoni.

Kuhusu namba ya dada, naona haya kueleza. Niliandika 8:00 hadi 12:00. Binti yangu amecheka hadi machozi, na mama yake amemsaidia.

Fundi Seremala, ukingo wa juu wa mlango ni ubao mtupu kama ulivyosema, na wa chini vilevile. Je, nipake vanishi wikendi hii?

SeremalaKeko:

La, usipake sasa. Ubao umekwisha kunywa maji, na ukiuziba hivi utayafungia ndani. Subiri kipupwe, mwezi wa Julai hivi, baada ya wiki kadhaa za jua. Siku hiyo ondoa mlango kwenye bawaba, ulaze, piga msasa kingo zote mbili, kisha paka vanishi mara tatu, ukiacha kila tabaka likauke kabla ya kuongeza jingine. Usisahau ndani ya tundu alilolipanua fundi kwa patasi, maana huko nako ni ubao mtupu. Kitasa kitoe kwanza, na betri zake uziondoe.