Nina paka wawili na mtoto wa mbwa, niweke maua gani sebuleni?

Baba Zuu: Wakuu, heshima kwenu. Tumehamia ghorofani hapa Dar, bustani hakuna, na mama watoto anataka kijani ndani. Shida ni hawa wanyama. Huyu mbwa anatafuna mpaka kandambili. Tayari tuna mshubiri na mani planti. Muuza miche barabarani kaniapia kwamba maua yake yote hayana sumu. Mwenye uelewa anisaidie.

Bi Tausi: Shemeji, anza kwa kuondoa hayo mawili uliyonayo. Mani planti ina vichembe vya oksaleti vinavyochoma mdomo kama sindano. Utaona mnyama anadondosha mate na kujikwaruza uso. Ndugu zake ni monstera, Dieffenbachia ile ya mabaka meupe, na ZZ inayopendwa maofisini. Mara nyingi haziui, lakini mateso yapo. Mshubiri unawatapisha na kuwaharisha. Sisi tunaunywa, wao hauwafai.

Mganga wa Mifugo: Bi Tausi kasema vema, ila kwa wenye paka naogopa zaidi lili halisi, zile kubwa za kwenye mashada ya harusi. Si lazima ale jani. Chavua ikimdondokea akajilamba, au akanywa maji ya chombo cha maua, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Kwa mbwa, kaa mbali na Cycas, ule unaofanana na mnazi mfupi; mbegu zake zinaharibu ini. Na akishakula kitu, msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike! Mkimbizeni kwa daktari, mkiwa na kipande cha mmea wenyewe.

Kopo la Chai: Paka wangu anakula wali wa nazi, majani hana habari nayo.

Mzee wa Lushoto: Naona mnamtisha tu, hamumwambii aweke nini. Mkuu, chukua Saintpaulia, yale maua madogo ya zambarau. Asili yake ni huku kwetu Usambara, Wajerumani waliyapeleka kwao mwaka 1892, leo yako madirishani dunia nzima. Hayana sumu kwa paka wala mbwa. Weka dirisha lisilopigwa na jua kali, mwagilia kwenye udongo, majani yasilowe maana yana manyoya na maji yanayaachia madoa. Jani moja na kikonyo chake ukilichomeka kwenye udongo mwepesi linatoa mche. Ila nunua kwa mwenye kitalu, usiende kung'oa msituni. Kule yanazidi kuadimika.

Mengine salama: Calathea, Peperomia, mtende wa Areca, na Chlorophytum ya mistari myeupe inayoning'iniza vitoto. Hiyo ya mwisho itundike juu, paka hawaiachi.

Baba Zuu: Asanteni sana. Mani planti inakwenda kwa jirani, hafugi kitu. Na ule mwanzi wa bahati wa kwenye glasi?

Bi Tausi: Huo ni Dracaena, nao peleka kwa jirani.

Mganga wa Mifugo: Na hao paka waoteshee ngano kwenye kopo, mbegu za sokoni zisizotiwa dawa. Wakiwa na majani yao ya kutafuna, ya kwako hawatayasumbua sana.