Naomba ushauri: mchezo wangu umeigizwa kwa jina la mtu mwingine

Wadau, hamjambo. Niko Nakuru, Section 58, umri miaka 41. Uigizaji uliniingia tangu darasa la tano, siku niliyofungwa leso ya nyanya kiunoni nikaigiza mama mkwe, hadi mwalimu mkuu akafuta machozi kwa kicheko. Mchana nauza vipuri vya pikipiki, usiku naandika. Nina madaftari 14. Mke wangu huyaita shamba lisilovunwa.

Mwaka jana shule moja, sitaitaja, iliniagiza mchezo wa tamasha la drama. Tulielewana kwa mdomo tu, elfu 20. Nikaambulia elfu 6. Nilijilipia nauli nikaenda kuutazama, na mtangazaji akasoma jina la mtunzi: mwalimu wao! Kila mzaha niliujua kabla haujatamkwa, hata kile kikohozi cha chifu anapodanganya.

Najua hakimiliki hapa Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwamba kazi husajiliwa KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya). Lakini rafiki anasema kazi ya kuagizwa huwa mali ya aliyeagiza. Hata kama hakumaliza kulipa, na hakuna mkataba? Ninazo rasimu zenye tarehe na jumbe za WhatsApp (bahati sikufuta).

Pia nina mchezo mpya, kuna kikundi kinautaka. Niusajili kwanza ama niwape tu wasome? Naogopa kuonekana mgumu, halafu watafute mchezo kwingine. Aliyepitia haya anielekeze, hata inboksi.