Tupeane uzoefu: uliporudi kwa Mungu, ulianzia wapi?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba tusimuliane tulivyotubu, ila tusiishie kwenye "nililia sana ibadani". Kulia, nililia miaka miwili mizima. Naanza mimi.

Mwaka 2016 nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Mwenzetu akafariki, tukachanga rambirambi 500,000. Mjane nikamkabidhi 320,000. Iliyobaki nikalipia kodi ya chumba, nikijiambia itarudi kabla ya arobaini. Haikurudi. Kila mkesha nilikuwa wa kwanza kwenda mbele kuombewa, narudi kukaa, na ile 180,000 iko palepale.

Jumapili moja likasomwa somo la Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, Luka 19. Nalijua tangu utotoni. Siku hiyo ndipo nikaona kwamba Yesu alitamka wokovu umefika katika nyumba ile baada ya Zakayo kutaja kurudisha hela za watu. Nikapanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu. Nikamkuta mama anachagua mchele. Nilipomaliza kusema, mikono yake ilisimama, ungo ukabaki mapajani. Hakunifokea. Akamwita mwanawe alete daftari la shule, akafungua ukurasa wa mwisho, akanipa kalamu: "Andika mwenyewe, baba." Nikaandika 180,000 na jina langu. Nikamtumia elfu 30 kila mwisho wa mwezi, miezi sita. Usingizi ulinirudia usiku ule wa daftari, hata kabla sijalipa shilingi.

Haya, na ninyi?

Dada wa Tabata
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, nilikaa miaka 11 bila kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre. Parokiani kwetu niliona aibu, padre ananijua sauti. Kwaresima moja nikaenda mjini, Mtakatifu Yosefu, pale karibu na kivuko. Kupiga magoti nikapiga, maneno ya kuanzia yamenitoka kabisa. Nikanyamaza. Padre naye akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Anza na lile linalokuuma." Basi, likatoka hilo, mengine yakafuata yenyewe. Malipizi aliyonipa padre yalikuwa kusoma Zaburi ya 51 kila jioni kwa wiki moja. Siku ya nne ndiyo niliielewa.

Mama Wawili, Kimara
Mimi ni Mlutheri. Tuliishi miaka 9 bila ndoa, kwa hiyo Meza ya Bwana nilikuwa naitazama tu. Mwenzangu alipokubali tufunge, tukaanza na kurudi kundini: unasimama mbele ya usharika mzima, unaulizwa, unajibu. Miguu ilitetemeka. Nitasema na lililoniuma: mabinti wanaopata mimba husimama peke yao, vijana waliowapa wako kwenye mabenchi wanaangalia. Hilo tulitazame. Ila siku ile, mkate ulipowekwa mkononi mwangu, nilishindwa kuupeleka mdomoni kwa machozi, mzee wa kanisa akanisubiri.

Konda mstaafu, Gongo la Mboto
Mimi ni pombe. Nimeongozwa sala ya toba mara tatu, mara mbili nikarudi baa ndani ya mwezi. Mithali 28:13 inasema kuziungama na kuziacha. Nilikuwa naungama, kuacha sikuwa nimeanza. Safari ya tatu nilibadilisha ruti, maana kituo cha mwisho kilikuwa kinatazamana na kaunta. Mwaka wa nne huu.

Mjomba wa Ubungo
Ndugu mleta mada, nimebarikiwa, ila tuangalie tusije tukafundisha watu kununua msamaha. Yule mwana mpotevu wa Luka 15, akirudi kwa baba yake, alipanga kusema "nifanye kama mmoja wa watumishi wako". Ukisoma vizuri, alipofika sehemu hiyo hakuifikisha. Baba alishamkimbilia tangu akali mbali, akambusu, akaita vazi lililo bora. Tunarudisha kwa sababu tumepokelewa.

Mleta mada
Amina, mjomba. Hata mimi nisingekuwa na ujasiri wa kwenda Mbagala kama nisingejua nimeshapendwa.

Mgeni, Kigamboni
Na kama uliyemkosea ameshafariki? Nauliza kwa uchungu. Nilimdhulumu mtu mashine ya kushonea, sasa amelala makaburi ya Kinondoni.

Mjomba wa Ubungo
Pole sana. Soma Hesabu 5, mstari wa 5 hadi wa 8. Mtu akiri, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Aliyekosewa akiwa hayupo, anapewa jamaa yake. Jamaa akikosekana, inakuwa ya Bwana, anapewa kuhani. Ana watoto?

Mgeni, Kigamboni
Ana binti. Anauza vitenge Kariakoo. Huwa nazunguka mtaa wa pili nisipite mbele yake.

Mleta mada
Ndugu wa Kigamboni, ukiniruhusu tutaenda wote, hata Jumamosi hii. Nami huo mstari sikuwa naujua. Sehemu ya tano ya 180,000 ni 36,000. Namba ya yule mama bado ninayo, hela hiyo naituma leo.