Eti maoni yetu wanayo tayari! Sasa mlituita tufuate nini?

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha bima ya afya sasa hivi, viatu sijavua. Yule jamaa wa bima mnamjua, simtaji. Yule mwenye suti inayong'aa mpaka kunguru wanaikwepa.

Tumeitwa kutoa maoni ya wananchi, saa mbili asubuhi. Yeye kaingia saa sita, kaongea mpaka maji ya meza kuu yakaisha, sisi tunameza mate. Kasimama mzee wa Tandahimba, kistaarabu kabisa: "Mheshimiwa, sisi hela tunaiona korosho zikiingia mnadani, kuanzia Oktoba. Kadi ya CHF, hii bima ya afya ya jamii, inaisha mwezi wa nne, mfuko mtupu. Kwa nini msikate huko huko AMCOS, kwenye chama chetu cha ushirika..."

"Mzee kaa, maoni yenu tunayo tayari."

TUNAYO TAYARI! Mtu hata hajamaliza kuuliza!

Nikachungulia fomu mezani (nilienda kusaini posho, sina aibu). Sehemu ya maoni ya wananchi imeshachapwa kwa kompyuta: "Wananchi wameipokea bima kwa furaha." Imechapwa! Na mzee bado kasimama, kofia mkononi.

Mimi nilikuwa na langu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, inasema wasio na uwezo watalipiwa. Orodha yao ataandika nani, mbele ya nani? Na kadi inabeba watu sita, kwangu tunakula kumi na mmoja, nimwache nani, bibi? Ningeuliza wapi, wakati maoni yangu anayo tayari? Soda yenyewe haikufika viti vya nyuma.

Pweza wa Shangani: Mkuu, posho ulisaini au hukusaini?

Mleta uzi: Nimesaini. Mzee je, alivyokalishwa?

Korosho Ghafi: Watu kumi na mmoja nyumba moja? Wewe huhitaji bima, unahitaji basi 😂

Mama Ufuta: Huyo huyo alifika Nachingwea. Tukamuuliza kadi inapokelewa mpaka hospitali ya mkoa au inaishia zahanati. Akasema swali zuri sana, akapanda gari.

Mleta uzi: Afadhali nyie mliambiwa swali zuri!

Salfa Kavu: Bima baadaye. Salfa, dawa ya mikorosho, kwenu imefika? Huku Newala ugonjwa wa ubwiri unga unamaliza maua, tunaambiwa tusubiri.

Pweza wa Shangani: Salfa ipite wapi, na barabara hiyo?

Korosho Ghafi: Msianze barabara, nimetoka kubadilisha springi juzi.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye bima. Mzee kaambiwa TUNAYO TAYARI.

Salfa Kavu: Tumesikia mkuu. Pole.

Mama Ufuta: Mnada wa ufuta wiki hii umetoka na bei gani?

Korosho Ghafi: Ya Lindi au ya Mtwara?